Dhima ya Kisheria ya Wakurugenzi na Watendaji wa Kampuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa mtu aliyealikwa kuingia katika bodi ya wakurugenzi, aliyekwisha kuingia, au anayeshika nafasi ya utendaji kama ile ya mtendaji mkuu au ofisa mkuu wa fedha. Sheria za kampuni hutofautiana baina ya nchi na nchi. Kesi zinazotajwa hapa zimetoka Uingereza, Marekani na Australia, kwa sababu hukumu zake hurejewa mara kwa mara na mawakili wa kwingineko, na misingi yake inafanana sana na ile ya nchi nyingine nyingi. Mwenye shauri mahususi amwone wakili anayeijua sheria ya mahali kampuni yake iliposajiliwa.

Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Kwa nini basi mkurugenzi aguswe yeye binafsi?

Ni kweli kwamba kampuni ni mtu kisheria, tena mtu tofauti kabisa na wenye hisa zake. Mwaka 1896 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua kesi ya Salomon, mtengenezaji viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni na kubaki na hisa 20,001 kati ya 20,007, hisa 6 zilizosalia zikiwa za mkewe na watoto wake. Kampuni ilipoanguka, wadai walitaka alipe yeye. Baraza lilisema madeni yale yalikuwa ya kampuni, wala kushika karibu hisa zote hakukuyafanya kuwa madeni yake.

Kanuni hiyo ingali hai, lakini wengi huisoma kwa upana usio wake. Inamkinga mtu na madeni ya kampuni. Haimkingi na matendo yake mwenyewe. Mkurugenzi hukubali majukumu kwa kampuni kwa kule kukubali cheo tu, na akiyakiuka, mwenye kumdai ni kampuni yenyewe. Zaidi ya hapo, zipo sheria zinazomtaja mkurugenzi kwa cheo chake, hasa za kodi, usalama kazini, mazingira na masoko ya hisa. Tena, mtu anayemlaghai mtu wa tatu hawezi kujitetea kwamba alilaghai kwa niaba ya mwajiri. Mwaka 2002 Baraza hilohilo la Malodi liliamua hivyo dhidi ya mkurugenzi mmoja aliyeipelekea benki maelezo ya uongo kuhusu nyaraka za shehena ili malipo yatolewe: kampuni iliwajibika, na yeye pia.

Uzembe wa kawaida katika kazi ya kampuni ni jambo jingine. Miaka minne kabla ya hukumu hiyo, yaani mwaka 1998, Baraza lilikataa kumtwika mkurugenzi wa kampuni ndogo hasara ya wateja waliopewa makadirio mabovu ya faida, kwa kuwa yeye binafsi hakuwa amejitwisha dhamana ya ushauri ule mbele ya wateja wenyewe. Walikuwa wameamini kampuni, na kwa hiyo wa kudaiwa alikuwa kampuni.

Nani hasa anahesabiwa kuwa mkurugenzi?

Aliyeteuliwa rasmi na kuandikwa katika daftari la msajili ni mkurugenzi, hata kama hajawahi kuhudhuria kikao kimoja. Hata hivyo, mahakama haziishii kwenye daftari. Mtu asiyeteuliwa lakini anayefanya kazi za mkurugenzi, anayesaini mikataba mikubwa na kuamua mambo ambayo bodi pekee ndiyo ingeyaamua, atahesabiwa kuwa mkurugenzi kwa matendo. Vilevile, yupo yule asiyeonekana kabisa ambaye wakurugenzi wamezoea kutenda kwa maelekezo yake. Sheria ya Uingereza na nyingine zinazofuata mkondo wake humwita mkurugenzi kivuli na kumbebesha sehemu kubwa ya majukumu yaleyale. Mwanahisa mkubwa anayetuma maagizo kwa simu usiku wa kuamkia kikao afahamu hilo.

Watendaji wasio wajumbe wa bodi, kama ofisa mkuu wa fedha, mkuu wa rasilimali watu au katibu wa kampuni, nao wana dhima, ila kwa eneo walilokabidhiwa. Mwezi Januari 2023 mahakama ya Jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa za nchi hiyo zimesajiliwa, iliamua katika shauri lililohusu McDonald's kwamba wajibu wa kusimamia na kutoa taarifa juu ya hatari zinazoonekana si wa wajumbe wa bodi peke yao, bali humfunga pia mtendaji ndani ya mipaka ya idara yake.

Majukumu yenyewe ni yapi?

Kwa kifupi ni uaminifu na uangalifu. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 imeyaandika katika vifungu vya 171 hadi 177: kutumia mamlaka kwa mujibu wa katiba ya kampuni na kwa makusudi yaliyotolewa, kuendeleza mafanikio ya kampuni kwa manufaa ya wanachama wake wote, kuamua kwa fikra huru, kuwa mwangalifu na kutumia ujuzi, kuepuka mgongano wa maslahi, kutopokea manufaa kutoka kwa watu wa nje kwa sababu ya cheo, na kutangaza maslahi yoyote katika muamala unaopendekezwa. Nchi nyingine huyagawanya kwa namna yake, lakini si rahisi kukuta sheria ya kampuni isiyo na kiini hicho.

Kipimo cha uangalifu kina pande mbili. Upande wa kwanza humtazama mtu wa kawaida mwenye busara anayeshika nafasi kama ile. Wa pili humtazama mkurugenzi mwenyewe na ujuzi alionao. Mhasibu aliyesajiliwa akiwa mjumbe wa bodi hutarajiwa kuona katika mizania kile ambacho mwenzake mhandisi angeweza kupitwa nacho. Ujuzi huongeza mzigo. Kukosa ujuzi hakushushi kiwango cha chini.

Uamuzi ukiiletea kampuni hasara, wakurugenzi watalipa?

Si kwa sababu ya hasara peke yake. Biashara ni kujasiri, na mahakama zinajua kwamba jaji anayeketi miaka mitatu baada ya tukio, akiwa na matokeo mkononi, ni rahisi kwake kuonekana mwerevu kuliko waliokuwa wakiamua gizani. Kwa hiyo mahakama nyingi hukataa kuingilia uamuzi wa kibiashara uliofanywa kwa nia njema, bila maslahi binafsi na baada ya kupata taarifa za kutosha. Marekani kanuni hiyo imejengwa na mahakama. Ujerumani iliiandika katika sheria yake ya kampuni za hisa mwaka 2005.

Neno linalobeba uzito hapo ni taarifa, na mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni kesi ya Smith dhidi ya Van Gorkom, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Delaware mwaka 1985. Mtendaji mkuu wa kampuni ya Trans Union alikuwa amekubaliana na mnunuzi bei ya dola 55 kwa hisa. Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Septemba 1980, aliita kikao cha dharura. Wajumbe wengi hawakuambiwa ajenda kabla ya kufika. Alieleza pendekezo kwa mdomo kwa muda wa dakika 20 hivi. Mkataba haukuwa umegawiwa ili usomwe. Hapakuwa na tathmini ya thamani ya kampuni kutoka kwa mtaalamu yeyote. Na ofisa mkuu wa fedha alisema tu kwamba bei ile ilikuwa ndani ya kiwango cha haki, ila upande wa chini. Baada ya saa mbili hivi, bodi iliridhia. Jioni ileile mtendaji mkuu alisaini mkataba katika hafla ya ufunguzi wa msimu wa opera mjini Chicago, bila yeye wala mjumbe yeyote kuusoma.

Bei hiyo ilikuwa juu sana kuliko bei ya soko, na hakuna aliyedai kwamba wajumbe walihongwa. Walikuwa watu wazima wenye uzoefu mrefu. Mahakama hata hivyo iliwaona wamefanya uzembe mkubwa, kwa kuwa waliiuza kampuni bila kujua thamani yake. Shauri liliishia kwa maridhiano ya dola milioni 23.5, ambazo bima ya wakurugenzi ililipia takriban milioni 10 tu; sehemu kubwa ya zilizobaki ilibebwa na mnunuzi, jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya. Wengine wamelalamika kwamba hukumu ile ilikuwa kali mno. Huenda. Lakini tangu hapo ni vigumu kukuta bodi makini inayouza kampuni bila ripoti ya tathmini mezani, na hata anayeiona kuwa kali hawezi kusema haieleweki.

Ikiwa muamala wenye maslahi yangu umeinufaisha kampuni, kosa liko wapi?

Hapa ndipo watu wema hujikwaa. Kanuni ya mgongano wa maslahi haiulizi kama kampuni ilipata hasara, wala kama mkurugenzi alikuwa na nia mbaya. Inauliza kama alipata faida kwa sababu ya cheo chake bila ridhaa iliyotolewa na watu waliojulishwa ukweli wote.

Katika kesi ya Regal (Hastings) dhidi ya Gulliver, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1942, kampuni mama ilitaka kampuni tanzu yake ikodi majumba mawili ya sinema, lakini haikuwa na fedha za kutosha kulipia hisa zote zilizohitajika. Wakurugenzi walizinunua hisa zilizokosa mnunuzi kwa fedha zao, mpango ukafanikiwa, nao wakaziuza baadaye kwa faida. Mahakama ilikubali kwamba walitenda kwa nia njema. Ikawaamuru warudishe faida yote. Laiti wangeupeleka mpango ule mbele ya mkutano mkuu wa wanahisa kabla ya kununua, pengine wangebaki na fedha zao.

Kwa hiyo kutangaza maslahi ni jambo la kufanywa mapema, kwa maandishi, na kwa undani. Kusema kwamba una hisa kidogo mahali fulani hakutoshi; taja kampuni, idadi, uhusiano wako na anayeuza, na unachotarajia kupata. Kisha toka chumbani wakati wa mjadala na upigaji kura, hata kama katiba ya kampuni inaruhusu ubaki.

Mimi si mtaalamu wa fedha. Je, siwezi kuwategemea wahasibu na wakaguzi?

Unaweza kuwategemea, na sheria nyingi zinakuruhusu waziwazi, mradi tu imani hiyo iwe ya haki na isiwe imekuja baada ya kuona ishara za hatari ukazifumbia macho. Ila kusoma hesabu za mwaka na kuzielewa ni kazi usiyoweza kumpa mwingine.

Mahakama ya Shirikisho ya Australia ililisema hilo bila kumung'unya maneno mwaka 2011 katika shauri la kampuni za Centro. Hesabu zilizoidhinishwa na bodi zilikuwa zimeorodhesha takriban dola bilioni 1.5 za Australia kama madeni ya muda mrefu, ilhali yalikuwa yanaiva ndani ya miezi 12. Watendaji wa fedha hawakuliona kosa, wala wakaguzi mashuhuri wa nje. Wajumbe walijitetea kwamba makabrasha ya vikao yalikuwa mazito mno. Jaji aliwajibu kwamba bodi ndiyo yenye uwezo wa kuamua ipewe taarifa kiasi gani na kwa mpangilio gani, na kwamba walikuwa wakijua kuhusu madeni hayo kutokana na vikao vyao wenyewe. Kilichokosekana ni kuvisoma vitabu vya hesabu wakiwa na kile walichokijua kichwani. Waliokiuka wajibu walikuwa ni pamoja na wajumbe wasio watendaji.

Kuhusu kukabidhi madaraka, kesi ya wakurugenzi wa benki ya Barings inatosha. Benki hiyo ilianguka Februari 1995 baada ya mfanyabiashara wake mmoja huko Singapore kuiingiza katika hasara ya pauni milioni 827. Mahakama ya Uingereza ilipoamua baadaye kuwazuia baadhi ya wakurugenzi kushika vyeo vya namna hiyo, ilieleza kwamba kumwachia mtu kazi ni halali na ni lazima, lakini anayemwachia mwenzake hubaki na wajibu wa kumsimamia. Mtu anayeleta faida isiyoelezeka alistahili kuulizwa inatoka wapi.

Je, bodi inaweza kuwajibika kwa jambo ambalo haikulijua kabisa?

Ndiyo, iwapo haikulijua kwa sababu haikuweka njia yoyote ya kulijua. Msingi wake uliwekwa Delaware mwaka 1996 katika shauri la Caremark: bodi inapaswa kujitahidi kwa nia njema kuwa na mfumo wa taarifa na udhibiti, kisha kuufuatilia. Jaji mwenyewe alikiri kwamba madai ya aina hiyo ni miongoni mwa magumu zaidi kushinda, na kwa miaka mingi ilikuwa hivyo.

Mwaka 2019 mambo yalibadilika kidogo. Kampuni ya Blue Bell, iliyokuwa ikitengeneza aiskrimu na karibu hakuna kingine, ilikumbwa na uchafuzi wa bakteria wa listeria mwaka 2015. Watu watatu walifariki, viwanda vikasimamishwa na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Mwanahisa alipoomba kumbukumbu za bodi, alikuta kwamba hapakuwa na kamati ya usalama wa chakula, hapakuwa na ratiba ya kulijadili suala hilo, na ripoti mbaya zilizowafikia mameneja hazikuonekana kuifikia bodi. Mahakama ya Juu ya Delaware ilikubali kesi iendelee. Ikiwa kampuni ina hatari moja inayoweza kuua wateja wake, basi hatari hiyo ndiyo ya kwanza kupangiwa nafasi katika ajenda.

Mjumbe mpya na ajiulize: ni kitu gani kikiharibika hapa, kampuni hii haitakuwepo mwakani? Halafu atafute katika mihtasari ya vikao vinne vya mwisho ni mara ngapi kitu hicho kilitajwa.

Nini hubadilika kampuni inapoelekea kufilisika?

Karibu kila kitu. Kampuni ikiwa na afya, maslahi yake hupimwa kwa wanahisa. Fedha zinapokauka, anayehatarishiwa si mwanahisa tena, ambaye mtaji wake umekwisha kuyeyuka, bali ni mdai anayesubiri kulipwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la BTI dhidi ya Sequana, ilithibitisha kwamba bodi inatakiwa kuyapa uzito maslahi ya wadai pale ambapo wakurugenzi wanajua, au walipaswa kujua, kwamba kampuni haiwezi kulipa madeni yake, iko ukingoni mwa hali hiyo, au kwamba ufilisi una uwezekano mkubwa wa kutokea. Katika shauri lenyewe gawio la euro milioni 135 lilikuwa limelipwa mwaka 2009, na wakurugenzi hawakuonekana na hatia, kwa sababu siku ile ufilisi ulikuwa hatari halisi, lakini haukuwa karibu wala haukuwa na uwezekano mkubwa wa kutokea.

Sheria ya Ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986, kifungu cha 214, inaongeza kwamba mkurugenzi aliyejua au aliyepaswa kujua kuwa hakuna tumaini la maana la kuepuka ufilisi, na bado hakuchukua kila hatua iliyostahili kupunguza hasara ya wadai, anaweza kuamriwa achangie mali ya kampuni kutoka mfukoni mwake. Nchi nyingi zina kifungu cha kufanana nacho. Kuendelea kuagiza bidhaa kwa mkopo huku ukijua hutalipa, kuwalipa jamaa na marafiki kabla ya wengine, au kuhamisha magari ya kampuni kwa bei ya kutupa ni mambo ambayo mfilisi, yaani mtu anayeteuliwa kukusanya mali ya kampuni iliyofilisika, huyatafuta katika wiki yake ya kwanza kazini.

Wakati kama huo vikao viwe vya karibukaribu, makadirio ya fedha taslimu yapitiwe kila wiki, na ushauri wa mtaalamu wa ufilisi utafutwe mapema. Bodi iliyofanya hivyo na kuendelea na biashara kwa mpango wa wazi uliopimwa ina utetezi mzuri. Iliyokaa kimya ikiombea mwezi ujao uwe mwema haina.

Nani ana haki ya kufungua kesi?

Kwa kuwa majukumu ni kwa kampuni, mwenye kushtaki kwanza ni kampuni yenyewe, kanuni inayojulikana tangu kesi ya Foss dhidi ya Harbottle ya mwaka 1843. Tatizo liko wazi: kampuni huamua kupitia bodi, na bodi haina hamu ya kujishtaki. Ndiyo maana sheria nyingi humruhusu mwanahisa, kwa idhini ya mahakama au kwa masharti fulani, kufungua kesi kwa niaba ya kampuni. Fidia ikipatikana huenda kwa kampuni, si kwake.

Katika maisha halisi, wakurugenzi wengi hushtakiwa baada ya mabadiliko ya madaraka: kampuni imeuzwa na mwenye mali mpya amefungua makabati, au mfilisi ameteuliwa. Mbali na hao wapo wasimamizi wa masoko ya hisa, mamlaka za kodi, na wawekezaji walionunua hisa kwa kuamini taarifa za uongo. Mahakama zinaweza pia kumfungia mtu asiwe mkurugenzi. Uingereza, kwa asiyefaa, kifungo hicho cha uongozi huanzia miaka 2 hadi 15.

Je, mtu anaweza kwenda jela?

Anaweza. Baada ya kuporomoka kwa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mwaka 2001, mtendaji mkuu wake wa zamani, Jeffrey Skilling, alihukumiwa miaka 24, iliyopunguzwa mwaka 2013 kuwa 14. Bernard Ebbers, aliyekuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya simu ya WorldCom, alipewa miaka 25. Kashfa hizo zilizaa Sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, inayowataka mtendaji mkuu na ofisa mkuu wa fedha wa kampuni zilizoorodheshwa kuzithibitisha ripoti za fedha kwa saini zao. Anayethibitisha kwa makusudi ripoti anayojua si ya kweli anakabiliwa na faini ya hadi dola milioni 5 na kifungo cha hadi miaka 20.

Hao walikuwa walaghai kwa mujibu wa hukumu. Linalowashangaza watu zaidi ni makosa yasiyohitaji nia mbaya. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha kutiwa hatiani kwa rais wa kampuni ya Acme Markets, iliyokuwa na maduka 874 na wafanyakazi wapatao 36,000, kwa sababu panya walikuwa wakiingia katika chakula kilichohifadhiwa kwenye ghala la Baltimore. Alikuwa amepata barua ya wakaguzi, akaikabidhi kwa wasaidizi, na wasaidizi wakashindwa. Mahakama ilisema aliyekuwa na mamlaka ya kuzuia au kurekebisha ndiye wa kujibu. Faini yake ilikuwa dola 50 kwa kila shtaka katika mashtaka matano. Fedha ndogo sana kwa kanuni iliyodumu hivyo.

Kodi, michango ya wafanyakazi na dhamana binafsi je?

Angalia haya kabla ya kila kitu kingine. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara na michango ya hifadhi ya jamii ni fedha za watu wengine zilizo mikononi mwa kampuni, na sheria nyingi humfuata mkurugenzi binafsi zisipowasilishwa. Dhamana binafsi uliyoisaini benki ni mkataba wako wewe. Kinga ya kampuni haihusiki nayo, wala kujiuzulu hakuifuti mpaka benki ikuachilie kwa maandishi.

Nilipinga uamuzi ule. Je, niko salama?

Uko salama zaidi ikiwa pingamizi limeandikwa. Katika sheria za majimbo mengi ya Marekani, mjumbe aliyekuwepo kikaoni huhesabiwa kuwa ameafiki isipokuwa kutoafiki kwake kumeingizwa katika muhtasari au kumewasilishwa kwa maandishi mara baada ya kikao. Usisubiri kikao kijacho kuupitia muhtasari. Omba rasimu mapema, na ukiona sentensi isemayo kwamba bodi ilijadili na kuridhia kwa kauli moja ilhali wewe ulikataa, mwandikie katibu siku hiyohiyo. Lakini kupinga tu hakumalizi kazi ikiwa jambo lenyewe ni la jinai: aliyelijua na kukaa nalo ana maswali ya kujibu.

Mwanahisa aliyeniteua ndiye ninayemwakilisha. Nimtumikie nani?

Kampuni. Mwanahisa anaweza kukuteua, kukulipia nauli na kukuondoa, lakini ukiwa ndani ya chumba cha bodi huwezi kupiga kura kwa kuagizwa naye pale maslahi yake yanapogongana na ya kampuni, na huwezi kumpelekea siri za kampuni bila ruhusa.

Bima ya wakurugenzi inalipia nini hasa?

Kwa kawaida ina sehemu tatu. Ya kwanza humlipia mkurugenzi moja kwa moja pale kampuni isipoweza au isiporuhusiwa kumfidia, kwa mfano imefilisika. Ya pili huirudishia kampuni kile ilichotumia kumfidia. Ya tatu huilinda kampuni yenyewe, aghalabu katika madai ya hisa. Mkurugenzi binafsi aitazame sana ile ya kwanza, na aulize kama kiwango cha juu cha malipo ni kimoja kwa wote. Kesi moja kubwa dhidi ya kampuni inaweza kukikomba chote kabla yeye hajamlipa wakili wake.

Mambo matatu huwaponyoka wengi. Bima hizi hulipia madai yaliyowasilishwa ndani ya kipindi cha bima, si matendo yaliyotendeka ndani yake. Barua ya kwanza ya wakili wa upande wa pili ikikaa mwezi mzima mezani hadi bima ikaisha, unaweza kukosa kila kitu. Gharama za utetezi mara nyingi hula kiwango kilekile cha malipo. Na ulaghai haulipiwi, ingawa bima nyingi nzuri huendelea kulipia utetezi mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Soma neno kwa neno kifungu hicho, kwa kuwa tofauti ya hukumu ya mwisho na tuhuma tu ndiyo tofauti ya kuwa na wakili na kutokuwa naye.

Wala bima si ukuta usiopasuka. Mwaka 2005 wajumbe kumi wa zamani wa bodi ya Enron walikubali kulipa dola milioni 13 za mifukoni mwao, na wenzao wa WorldCom zaidi ya milioni 20, kwa sababu waliowadai walisisitiza kwamba bima peke yake haitoshi.

Kampuni inaweza kunisamehe mapema?

Kwa kiasi. Delaware iliruhusu mwaka 1986, muda mfupi baada ya kesi ya Van Gorkom, katiba ya kampuni iwaondolee wakurugenzi fidia kwa kukosa uangalifu, lakini si kwa kukosa uaminifu au nia njema. Mwaka 2022 iliongeza baadhi ya watendaji wakuu, ingawa kwao kinga haihusu madai yanayoletwa na kampuni yenyewe au kwa niaba yake. Uingereza ni kali zaidi: kifungu kinachomsamehe mkurugenzi uzembe wake dhidi ya kampuni ni batili, japokuwa kampuni inaruhusiwa kumnunulia bima na, baada ya tukio, wanahisa wanaweza kuridhia kosa lake kwa masharti.

Nikijiuzulu, dhima inaisha?

Dhima kwa yaliyotokea baada ya kuondoka hukoma kwa sehemu kubwa. Kwa yaliyotokea ukiwepo, hapana, mpaka muda wa kufungua madai upite. Na baadhi ya majukumu hukufuata: fursa ya biashara uliyoijua ukiwa ndani bado si yako kuichukua. Kujiuzulu katikati ya dhoruba kunaweza hata kukudhuru, mahakama ikiona uliiacha kampuni bila nahodha ili usiwepo wakati wa kuamua.

Ukiondoka, hakikisha msajili amejulishwa, maana jina lililobaki daftarini huendelea kuvutia barua za madai. Andika sababu zako kwa adabu na ukweli. Omba bima iendelee kukuhusu baada ya kuondoka, mara nyingi kwa miaka 6 pale kampuni inapouzwa, na mkataba wako wa kuondoka ukupe haki ya kuiona mihtasari na makabrasha ya kipindi chako, kwa sababu kesi ikija utahitaji kuonyesha ulichosomewa siku ile na ulichouliza, na nyaraka hizo zitakuwa mikononi mwa anayekushtaki.